Shona Nione

Tarehe 14 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na lile sikio lako la kushoto linalochagua la kusikia. Huku hatujambo. Mume wangu amehamishiwa zamu ya asubuhi, kwa hiyo sasa tunaonana mezani kama watu waliooana. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kucheka mbele ya wageni. Mimi niko palepale na uuguzi wangu, wodi ya upasuaji, mwaka wa tisa huu, na miguu inavimba kila ikifika saa tisa alasiri.

Nakuandikia wewe kwa sababu baba kwenye simu ana maneno mawili tu, "salama" na "haya", na wewe simu hutaki hata kuiona.

Mwezi ujao baba anatimiza miaka sabini na sita, na mimi ni mwaka wa nne sijakanyaga nyumbani. Kila likizo linaingia jambo. Nimeona aibu kumtumia shati tena. Kwa hiyo nimempa zawadi ya uchunguzi wa mwili mzima kwenye ile kliniki mpya ya ghorofa karibu na kituo cha mabasi. Damu, moyo, mapafu, macho, vyote siku moja. Nimeshalipia, yeye ni kwenda tu na kitambulisho chake.

Najua atabisha kwamba haumwi. Mwambie ndiyo maana ya kupima, mtu ajue kabla hajaumwa. Akikataa, mburute.

Mwanao,
Bi Sindano


Tarehe 9 Februari

Mwanangu Bi Sindano,

Marahaba. Sikio langu halichagui, linachoka tu kusikia upuuzi. Mbusu huyo kibogoyo wangu. Wewe ulipong'oka meno yako uliyaficha kwenye kopo la bobini, baba yako akatafuta bobini wiki nzima. Na ni kwenye kopo hilohilo ulikookota sindano za cherehani zilizovunjika, ukawachoma wanasesere wako wote, kila mmoja na ugonjwa wake. Siku hizo hapakuwa na mwanasesere mzima nyumba hii. Jina lako lilitoka hapo, wala usilikane.

Siku nilipompelekea baba yako habari ya zawadi nilimkuta chumba cha mbele na mteja, yule mama anayeshona mapazia. Kaja na cherehani anataka ifunguliwe yote, isafishwe, maana anasikia inanguruma. Unajua desturi ya baba yako. Akamwekea kitambaa mbele yake, akamwambia, "Shona nione." Mama akashona urefu wa mkono mmoja. Kaka yangu akakinyanyua kitambaa kwenye mwanga, akageuza upande wa pili, akatia tone moja la mafuta, akamwambia aende zake.

"Si unaifungua?"

"Inashona."

"Lakini inanguruma, fundi!"

"Hata mimi nanguruma, na sijafunguliwa."

Basi nilimburuta kama ulivyosema. Tulivalishwa bangili za karatasi, tukapitishwa vyumba tisa, sakafu inateleza hadi nikavua viatu. Mwishoni daktari alisoma kwenye kompyuta. Moyo mzuri, mapafu mazuri. Kipimo kimoja cha damu, cha ile tezi ya wanaume, kimepita mstari kidogo, na wanataka kutoa kinyama wakipime. Kaka akamuuliza, "Daktari, haja ndogo napata vizuri, usiku naamka mara moja tu. Tatizo liko wapi?" Daktari akamwambia tatizo liko kwenye karatasi.

Hayo mengine usinifanye niyaandike, mimi ni dada yake. Tuambie wakitoe au wasikitoe.

Shangazi yako


Tarehe 11 Machi

Mwanangu,

Hatujambo kiasi. Nyumba ya jirani wamepaka rangi ya kijani, ukifungua dirisha unadhani umeota ukungu machoni. Kadi yako yenye maneno "wakitoe haraka" ilifika, na kinyama kikatolewa. Siku ya pili baba yako akashikwa na homa, akatetemeka hadi kitanda kikalia. Akalazwa siku nne akichomwa sindano. Sasa homa imekwisha.

Majibu yametoka. Nakuandikia kama daktari alivyosema, nilimwomba arudie mara mbili, upande wangu wa kulia. Saratani ipo. Ni ndogo, na ni ya zile zinazokwenda polepole. Kwa umri wa baba yako anaweza kuishi nayo miaka yake yote isimguse. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kumwacha na kumpima kila baada ya miezi sita, wamwone kama inasogea. Ya pili ni kumfanyia operesheni waitoe tezi yote. Wanayo nafasi mwezi ujao.

Mwanangu, tangu lilipotajwa neno hilo chakula hakinipiti. Namwangalia kaka anavyopiga soga na wateja wake naona kama simwoni tena. Nyumba hii ina vyumba vitatu na watu wawili.

Baba yako amesema nikuulize, wewe ndiye unayeyajua haya. Alisema na mengine ya utani wake, unamjua alivyo. Jibu upesi.

Shangazi yako


Tarehe 2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Sikungoja jibu langu litembee njiani. Nilimpigia baba siku ileile niliyopata barua yako, nimesimama kwenye korido ya wodi na glavu mkono mmoja. Nilimwambia akubali operesheni, iondolewe yote, tuimalize. Saratani si mvua ya kuangalia dirishani. Akasema "haya". Nikamuuliza kama amenielewa, akasema "haya" tena.

Nitapumzika ikishatoka.

Mwanao


Tarehe 24 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Operesheni ilifanyika tarehe ishirini na tano ya mwezi uliopita. Daktari wa upasuaji alitoka anatabasamu, akasema imekwenda vizuri sana, wameitoa yote. Baba yako alikaa na mpira wa mkojo wiki mbili, sasa umeshatolewa. Anaendelea.

Mvua huku hazikatiki. Nguo hazikauki, nimefunga kamba ya pili uani na bado haitoshi. Mashuka ndiyo yananishinda, mazito. Sare za shule nimeziacha kwa muda, nashona vitu vidogo vidogo vya humu ndani. Bawaba ya mlango wa chumba cha mbele imeshika kutu. Yule mama wa mapazia alileta cherehani yake, safari hii imekwama kweli, nikamwambia arudi mwezi ujao.

Nimeishiwa karatasi, naishia hapa.

Shangazi yako


Tarehe 5 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mjukuu wako ameota jino moja na sasa anacheka upande huo tu. Mume wangu anakusalimu.

Shangazi, uliandika umeishiwa karatasi, na nusu ya ukurasa uliotuma ilikuwa tupu. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko nilivyosoma chochote shuleni. Kamba ya pili. Mashuka kila siku. Vitu vidogo vidogo unavyoshona humo ndani. Mlango wa chumba cha mbele unashika kutu, mlango ambao tangu nizaliwe sijauona umefungwa mchana. Kuna neno "anaendelea" na hakuna neno lolote kuhusu bisibisi yake.

Mimi ni muuguzi. Kila wiki nawaambia watu wa familia wasifiche mambo. Baba anavuja? Niambie hivyo hivyo, hata kama wewe ni dada yake.

Na mimi ninalo la kukuambia, kuhusu wodi yetu na mikutano yake ya Jumanne. Lakini zamu inaanza, nitakuandikia siku nyingine.

Mwanao


Tarehe 16 Agosti

Bi Sindano,

Nimekaa na barua yako wiki nne. Nilikuwa nikiishika kalamu naenda kuanika.

Ndiyo, anavuja. Akikohoa, akiinama, akicheka. Siku hizi hacheki, kwa hiyo hilo limepungua. Vile vitu vidogo ninavyoshona ni nguo zake za ndani zenye vitambaa vinne katikati. Kila asubuhi anaviloweka mwenyewe kabla sijaamka, akidhani sijui.

Mwezi wa sita alijitahidi akarudi kazini. Mama wa mapazia alikuja, kaka akaishika cherehani yake akanyanyua kile kichwa cha chuma kukilaza, kama alivyofanya miaka hamsini. Alipokinyanyua tu, sakafu ikalowa chini yake. Yule mama akafungua mkoba wake akaanza kutafuta kitu ambacho hakikuwemo. Alifanya ustaarabu kabisa, mwanangu, na ustaarabu ule ndio uliommaliza baba yako. Akamwambia samahani, akafunga mlango. Mpaka leo.

Nikafanya ujanja. Wiki iliyopita nilimwambia cherehani yangu inaruka nyuzi, aje aitazame, humu ndani hakuna wa kumwona. Alikuja polepole, amejifunga taulo. Akachukua kipande cha kitambaa cha sare akakiweka chini ya sindano. "Shona nione." Nikashona. Nilijaribu hata kukanyaga vibaya, lakini mshono ukatoka umenyooka kama umepigiwa rula. Akauangalia kwenye mwanga, akageuza upande wa pili.

"Dada, hii nzima."

"Jana ilikuwa inaruka."

"Hairuki."

Akakikunja kile kitambaa, akakaa nacho mkononi. Halafu akaniuliza, "Ile barua ya mwezi wa tatu. Uliandika kama nilivyokwambia?"

Nikaanza kuokota nyuzi mezani, na yeye akajua.

Sasa nisikilize. Siku ile nilipokuwa nakuandikia habari ya saratani, baba yako alisimama nyuma yangu akaniambia, "Mwambie hivi: cherehani bado inashona. Aniambie tu kama kuna ulazima wa kuifungua." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake. Mimi nikaandika "utani wake". Nilijua si utani. Niliogopa ungeyasoma ukasema tungoje, na mimi sikuwa na nguvu ya kungoja. Niliogopa kubaki humu peke yangu na cherehani za watu. Nilimnyima kaka yangu sentensi moja, na tazama alivyo.

Si hayo tu. Wamempima tena damu. Kile kipimo kimesogea kidogo, na daktari wa kliniki anataka apigwe mionzi siku thelathini na tano. Anataka jibu kabla ya katikati ya Oktoba. Kaka hajasema kitu. Mimi nimeacha kuwa mdomo wake. Muulize mwenyewe.

Shangazi yako


Tarehe 9 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Usijibebeshe mzigo wote peke yako, nusu yake ni wangu, na nusu yangu ni kubwa.

Kila Jumanne asubuhi wodi yetu hukaa kikao. Daktari mkuu wetu, mtu mfupi mwenye tabia ya kukaa kitandani kwa mgonjwa kabla ya kufungua faili, anamtaja kila anayengoja kupasuliwa kisha anauliza swali lilelile: "Tukimwacha alivyo, atapata shida gani?" Kama hakuna anayeweza kujibu, mtu huyo hapasuliwi wiki hiyo. Mimi ndiye ninayeandika kumbukumbu za kikao. Swali hilo nimeliandika kwa mkono wangu mara ambazo sijui idadi yake.

Mwaka jana nilimsindikiza hadi getini mzee wa miaka sabini na minane. Karatasi yake na ya baba ungeziweka pamoja usingejua ipi ni ya nani. Tulimrudisha nyumbani bila kumpasua. Huja kila miezi sita, anapimwa, anatuonyesha picha za kuku wake, anaondoka. Siku nilipokuwa nimesimama kwenye korido na simu sikioni, mzee huyo alikuwa amekaa kwenye benchi mbele yangu, anangoja kupimwa. Nilikuwa namwona, Shangazi. Na mdomo wangu ukamwambia baba akubali kukatwa.

Nimejiuliza kwa nini. Kumwacha mtu na kumwangalia kunataka mtu wa kumwangalia. Mimi sikuwepo, miaka minne sikuwepo, nikataka pafanyike kitu kikubwa badala yangu. Wala usidhani ile sentensi ya baba ingefika ningeisikiliza. Ningependa kuamini hivyo, lakini sina hakika. Nilikuwa naongea naye moja kwa moja na sikumuuliza hata kitu kimoja. Kwa wagonjwa wa watu nauliza hata kama wanapenda dirisha lifunguliwe.

Nilimpelekea daktari mkuu majibu mapya ya baba. Alisema kimesogea kidogo mno, hakuna moto unaowaka. Kinaweza kurudiwa baada ya miezi mitatu ndipo watu waongee. Mionzi inaweza kusaidia, na inaweza kuuzidisha huo mkojo. Kwa kuvuja kwenyewe kuna mazoezi ya kubana misuli ya chini, alitakiwa afundishwe tangu siku mpira ulipotolewa, na hakuna aliyemfundisha. Hata mimi sikuuliza. Kisha akaniuliza, "Baba yako mwenyewe anataka nini?" Nikaona haya.

Nakuomba kitu kimoja. Simu ananijibu "haya". Mkalishe baba, msomee barua hii yote, na hayo ya kwenye korido usiyaruke. Halafu msomee haya:

Baba, nimekosa kwako. Sikukuuliza na nilipaswa kukuuliza. Mionzi si lazima sasa, na ukiitaka nitakuwa upande wako vilevile. Cherehani inashonaje? Wewe unataka nini?

Chochote atakachosema, kiandike kama kilivyo. Nimeomba likizo ya Desemba. Sitaahidi mpaka nishike tiketi, ahadi zangu mmeshazila sana.

Mwanao


Tarehe 7 Oktoba

Mwanangu,

Tumeipata barua. Jirani amechoka na kijani chake, sasa anapaka manjano. Mwambie kibogoyo wangu jino la pili nalo litaota.

Nilimsomea baba yako chumba cha mbele, mlango nimefunga kwa ndani. Nilisoma yote. Nilipofika kwa yule mzee wa kuku nilirudia mstari uleule mara mbili, akaniambia endelea. Nilipomaliza alichukua bisibisi yake akaanza kukwangua kutu kwa kucha. Nikamwambia safari hii naandika neno kwa neno, hata akikohoa nitaandika amekohoa. Haya ndiyo maneno yake:

"Andika, mionzi sitaki kwa sasa. Kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu kama alivyosema yule daktari mfupi, na watakaponipima waniangalie na mimi.

"Andika, hayo mazoezi nayataka. Aje anifundishe yeye, si mtu mwingine.

"Andika, namtafuta seremala aipandishe meza, nisiwe nainama wala kunyanyua, kichwa cha cherehani nikivute tu. Mwambie kwamba mama wa mapazia alirudi. Alipita mlango wa uani.

"Andika, cherehani inashona, lakini inaruka. Asante kwa kuuliza."

Hapo nikadhani amemaliza, nikafunika kalamu. Akaniambia bado. Akaangalia dirishani, akasema:

"Andika, angeniuliza mwezi wa tatu."

Alipokwisha kunywa chai akaniita, akasema hilo la mwisho nilifute, utaumia bure huko uliko.

Sikulifuta.

Shangazi yako